Peugeot ya marehemu baba imelala bandani Nansio tangu 1994: niifufue au niwaachie wa chuma chakavu?

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Nyakato hapa Mwanza na mke wangu na watoto watatu. Nina duka dogo la vifaa vya umeme. Kwetu ni kisiwani Ukerewe, nje kidogo ya Nansio.

Marehemu baba alikuwa mpima pamba kwenye chama cha msingi. Mwaka 1976 alinunua Peugeot 404 saluni, rangi ya maziwa, gia kwenye usukani, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Ndiyo iliyompeleka mama hospitali nilipozaliwa mimi, na wagonjwa wengi wa kijiji walipanda humo bila kulipa. Mwaka 1994 ilichemka ikitokea Rugezi, ikatoa moshi mweupe, ikazimika. Baba akaazima ng'ombe wa kulimia wakaivuta hadi nyumbani. Akasema ataitengeneza akiuza pamba ya msimu ule. Pamba ikauzwa, ada za shule zikaja, gari likabaki bandani. Baba alifariki 2018.

Nilikwenda mwezi uliopita kuliangalia. Bati la banda limetoboka upande wa buti. Matairi yameisha upepo hadi rimu zimezama kwenye udongo. Kuku wanatagia kiti cha nyuma na mchwa wamejenga sakafuni upande wa abiria. Lakini vioo vyote vipo, grili ipo, hata saa ya kwenye dashibodi ipo. Kadi ya gari mama ameitunza sandukuni pamoja na cheti cha ndoa.

Sasa vurugu. Baba mdogo alileta wanunuzi wa chuma chakavu, wakaliangalia kwa macho tu wakasema laki saba. Hajapokea fedha, ila amewaambia warudi. Mdogo wangu anaunga mkono: tuuze, tugawane. Dada yetu aliyeko Dar anasema asiguse mtu, ni kumbukumbu ya baba, lakini hatoi hata shilingi. Mama anasema tufanye tunavyoona, mradi tusimgombanishie watoto.

Mimi nalitaka. Rafiki yangu fundi anasema twende naye Jumamosi na betri na petroli lita tano, ataliamsha palepale. Likigoma, atafunga injini ya Toyota Corolla, kazi yote milioni tatu. Tatizo ni kwamba fedha niliyonayo, milioni nne na nusu, ni ya kuezeka nyumba yetu ya Kishiri iliyofika kwenye lenta. Mke wangu amesema nikiigusa kwa ajili ya gari la kuku, nihamie humo na kuku.

Je, gari hili lina uhai? Nitalivushaje kuja Mwanza? Na nimsikilize nani?

Mtoto wa Mpima Pamba, Nyakato

*

Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba wa mzee, ingawa miaka imepita.

Nianze na huyo rafiki yako wa Jumamosi, maana kwa sasa ana hatari kuliko baba mdogo. Mwambie asiende na betri. Injini iliyolala miaka thelathini na ushee haiamshwi kwa stata, tena hii haikulazwa nzima: ilichemka, ikatoa moshi mweupe, ikazimika. Moshi ule ni maji yaliyoingia kwenye silinda, na mara nyingi maana yake gasketi ya silinda hedi ilikatika. Maji hayo yakabaki humo. Ringi za pistoni zimeshikana kwa kutu na ukuta wa silinda, na huenda valvu moja au mbili zimeganda zikiwa wazi. Ukikanyaga stata kwa betri kali, kilichoganda hakiachii, kinavunjika. Injini ambayo ingepona kwa gasketi na ringi unaigeuza kuwa chuma chakavu kwa mikono yako.

Na petroli yenu mpya mngeimimina kwenye tangi la zamani. Fungua kifuniko unuse. Petroli iliyochacha inanuka kama vanishi, na kwenye kabureta inaacha utandu wa njano unaoziba jeti zote. Tangi hilo linashushwa, linaoshwa, linaangaliwa kutu ndani. Injini ikifika siku ya kuwashwa, itanywa kwenye kidumu safi kilichoning'inizwa pembeni, si kwenye tangi.

Hayo ni ya baadaye lakini. Ukinisikiliza kwa jambo moja tu, liwe hili: injini ndiyo shida yako ndogo. Kinachoamua kama gari hili lina uhai ni sakafu yake na karatasi za mirathi, na vyote viwili unavikagua bila kununua hata plagi.

Karatasi kwanza. Mali ya marehemu haiuzwi na baba mdogo, wala na wewe, wala na dada yako wa Dar, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Hujasema kama mlifungua mirathi, nami kwa uzoefu nachukulia hamkufungua. Familia inakaa kikao, mnaandika muhtasari na kupendekeza jina, mnachukua cheti cha kifo mnakwenda Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa, ndiye atakayekwenda TRA na kadi kuhamisha umiliki. Lakini fumbua macho: mirathi haifunguliwi kwa ajili ya gari peke yake. Shamba, nyumba, na akaunti kama ipo, vyote vinaingia kwenye orodha. Kama kuna mzozo wa ardhi uliolala huko Nansio, utaamka. Ongea na mama faraghani kabla ya kikao, umuulize mzee aliacha kauli gani.

Kikaoni usiende kuomba gari, nenda na pendekezo. Mkubaliane thamani yake ya leo, lilivyo na kuku wake. Ukikubali kuwa mnunuzi, lipa au kata sehemu za wenzako kwa thamani hiyo, iandikwe, wote wasaini, mama awe shahidi. Andikeni pia itakuwaje ukija kuliuza baada ya miaka kumi likiwa linang'aa. Nimeona ndugu waliokuwa hawataki hata kusukuma gari wakirudi kudai fungu lao siku lilipopigwa rangi. Dada yako mpe heshima yake: mwambie gari halitoki kwenye familia, jina la baba halifutiki. Naona anachotetea ni hicho.

Baba mdogo naye mfuate kwa adabu kabla wanunuzi hawajarudi. Usimwambie amekosea. Mwambie laki saba ni bei ya kilo, na Peugeot 404 iliyo kamili haiuzwi kwa kilo hata kama familia itaamua kuiuza. Bati linachomelewa, chuma kinanyooshwa, lakini vioo, grili, taa za nyuma, mapambo ya kromu na hiyo saa havichomelewi, na mtu anayekarabati 404 yake atavitafuta miaka. Ndiyo kwanza utaona mzee anaanza kulifukuzia kuku.

Gari lenyewe si la mchezo. Ufaransa walilitengeneza kuanzia 1960, saluni ikaishia 1975, umbo limechorwa na Pininfarina wa Italia. Lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mtu wa hapa hapa Tanzania, akikaa Dar es Salaam. Enzi hizo mbio zilipita kwenye vumbi na matope yetu wenyewe, na 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Kwa hiyo marehemu hakununua bati.

Sasa sakafu. Rudi Nansio na bisibisi ndefu ya bapa, tochi, na ovaroli usiyoionea huruma. Hamisha kuku, ondoa viti, choma hivyo vilivyoliwa na mchwa. Mchwa hawali chuma, ila udongo wao unakaa na unyevu juu ya bati mwaka mzima, na kinyesi cha kuku kinakula rangi na bati lenyewe. Kwangua na fagia mpaka uone chuma. Kisha dunga. Dunga kwa nguvu sakafu ya mbele na nyuma, vizingiti vya milango kwa chini, pembe za buti pale bati lilipokuwa linavuja, na sehemu za kuwekea jeki. 404 saluni haina chesisi ya kutenganishwa kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi. Bisibisi ikizama sakafuni, si kifo, fundi bodi anakata na kuchomelea bati jipya. Ila fungua boneti uangalie madigadi ya ndani, kule juu shokapu za mbele zinapofungwa. Uzito wa mbele wote unaning'inia hapo. Pakiwa pamechakaa mpaka bati linamomonyoka kwa kidole, pande zote mbili, basi mwanangu tafuta bodi nyingine au livunje kwa vipuri, na nitakuwa wa kwanza kukwambia hivyo.

Ninao moyo kidogo kwa sababu ziwa letu ni maji baridi. Gari lililolala miaka hiyo Tanga au Bagamoyo lingekuwa limeliwa na chumvi ya bahari mpaka kwenye bawaba. La Ukerewe limeliwa na mvua na udongo tu, na mahali palipoezekwa vizuri unaweza kukuta chuma kizima chini ya vumbi.

Ukitaka kuingia uvunguni, usilale chini ya gari lililoinuliwa juu ya mawe. Najua sisi wa kanda hii mawe tunayo ya kugawa, lakini jiwe linateleza na tofali la saruji linapasuka bila kukuaga. Azima stendi za chuma.

Safari hiyo hiyo unaweza kupata jibu la kwanza la injini. Legeza nati ya kumwagia oili chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, taratibu, bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini. Yakitangulia maji, ndipo ije oili, basi maji yalipenya hadi chini. Ikitoka oili nyeusi tupu, shangilia kimya kimya. Puliza uchafu kwenye mashimo ya plagi, zifungue, mimina kwenye kila silinda vijiko vichache vya dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, rudisha plagi kwa mkono, uondoke. Acha wiki kadhaa. Ukirudi, zitoe tena, uzungushe injini kwa hendeli ya mbele, ile ya kupitisha kwenye bampa. 404 ilikuja nayo, itafute kwenye buti. Isukume nyuma na mbele kidogo kidogo, usiing'ang'anize upande mmoja. Ikisogea hata nusu kidole, inatosha kwa siku hiyo.

Ikifika gereji na silinda hedi ikafunguliwa, simama hapo uangalie. Injini hii ya 1618 sisi ina slivu za kuchomoka, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazozungukwa na maji. Hedi ikishatoka, hakuna kinachozibana tena. Fundi akizungusha injini hivyo ilivyo, slivu zinapanda, sili za chini zinahama, na maji yatashuka kwenye oili hata baada ya kufunga gasketi mpya. Slivu zibanwe kwa boliti na washa pana kabla mtu hajagusa hendeli. Fundi asiyelijua hilo hajawahi kufungua Peugeot ya zamani, hata kama anajua Toyota zote za mjini.

Difu, yaani gia za eksele ya nyuma, nayo ina tabia yake: ndani kuna gia ya mfano wa parafujo inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Oili nyingi za difu za siku hizi zina viambato vya salfa vinavyoweza kuila shaba. Dukani sema wazi unataka oili isiyodhuru shaba, na usome kopo.

Breki zinatangulia injini, siku zote. Silinda za magurudumu zitakuwa zimeganda, na paipu za mpira zimevimba kwa ndani hata kama nje zinaonekana nzima. Zote mpya, bila mjadala. Na vumbi la breki za enzi hizo lina asbesto. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, lioshwe kwa maji. Nyaya pia msiunganishe betri kabla fundi umeme hajazipitia moja moja, kwa sababu panya wa miaka thelathini hawakuacha kitu, na magari ya namna hii mengi hufa kwa moto siku ya kwanza ya furaha.

Kulivusha: usilivute kwa kamba. Breki zimeshika, utakwaruza magurudumu na kung'oa kilichooza. Azima rimu nne zenye matairi yanayoshika upepo, fungua ngoma za breki uziachie, kisha tafuta Fuso. Nansio hapatakosekana tuta: Fuso inarudishwa nyuma mpaka usawa wa tuta, mnaweka mbao nene, mnalisukuma gari liingie kwa miguu yake. Lifungwe kwa magurudumu na eksele, si kwa bampa wala bodi, na vigingi mbele na nyuma ya kila tairi. Mimi ningepita Rugezi, kivuko hadi Kisorya, kisha Bunda, Lamadi, Magu hadi Mwanza. Ni mzunguko, lakini gari linapandishwa mara moja na kushushwa mara moja. Mapambo, taa, saa na vifuniko vya rimu vitoe kabla, vitie kwenye gunia, gunia likae na wewe mbele. Na beba nakala ya kadi na muhtasari wa kikao, trafiki atakuuliza gari lisilo na namba za siku hizi linatoka wapi.

Injini ya Corolla? Hapana, si sasa. Kwanza hiyo ya Peugeot imelala kwa mshazari, imeinama nyuzi 45 ubavuni. Kuweka iliyosimama ni kukata mabano, kubuni shafti, kuhamisha rejeta, na milioni tatu ya rafiki yako itakuwa ya kuanzia tu. Pili, 404 yenye injini yake ina thamani kwa mwenye kuijua. Yenye injini ya Corolla ni Corolla mbaya. Vipuri ulizia Kenya, ambako Peugeot ziliunganishwa kwa miaka mingi. Vingine vya 504 vinaingiliana, ila kabla ya kulipa linganisha na cha zamani mkononi.

Mke wako yuko sahihi. Fedha ya bati ni ya bati. Bati lenyewe linapanda bei, na nyumba iliyoishia kwenye lenta inanyeshewa kama hilo banda la baba. Ezeka kwanza. Kikao, mirathi, bisibisi na dizeli ya kuloweka havifiki hata sehemu ndogo ya fedha hiyo, na vitakuchukua miezi kadhaa ukitaka usitake. Katika miezi hiyo weka bati mbili tatu nzima juu ya banda la Nansio, chimbua magurudumu, pandisha gari juu ya stendi, funika kwa turubai iliyoachwa wazi chini hewa ipite. Baada ya kuezeka, tenga fedha ya mwezi ambayo mama watoto ameiona na kuikubali, gari litengenezwe kwa kasi hiyo. Na mpeleke Nansio siku ya kwanza ya bisibisi. Anayeliita gari la kuku hajawahi kukaa kiti cha mbele cha 404.

Ukitoka huko nitumie picha mbili: juu ya shokapu ya kushoto na ya kulia, zikiwa zimesafishwa kwa brashi ya waya. Usimlipe fundi bodi yeyote kabla sijaziona.